Mkazi wa Viungo vya Mbele

Fundi Sikio alikuwa akijua ugonjwa wa gurudumu kwa kulisikiliza. Aliinua gari kwa jeki, akalishika tairi juu na chini, akalitikisa na kutega sikio. Kiungo kilicholegea hugonga kavu, kama mgeni anayebisha mlango kwa adabu. Mpira uliokwisha hulia kama kiti cha zamani. Kwa hiyo siku alipotikisa gurudumu la kushoto la lile gari dogo la mashindano, na badala ya kugonga akasikia sauti ya mtu anayetafuna mdomo wazi, aliacha kutikisa, akajifuta mikono na kugeuka kumtazama mtu anayekula nyuma yake.

Hapakuwa na mtu. Ilikuwa saa tano asubuhi, jua limeshapiga kwenye mabati ya karakana, na kilichokuwepo ni lile gari na harufu. Harufu yenyewe ilikuwa ndogo lakini haikukosea njia. Ilikuwa ya jino bovu, ya kinywa cha mtu anayekuja kukunong'oneza jambo na wewe unatamani amalize upesi.

Gari lilikuwa zuri, hilo halina ubishi. Lilikuwa na milango miwili, boneti ndefu na rangi ya kijani ya chupa, na lilikaa chini kiasi kwamba dereva alionekana kama mtu aliyeketi sakafuni. Lilikuwa na umri wa miaka arobaini. Mwenyewe, dereva wa mashindano aliyepata kusifika, alikuwa amefariki mwaka uliopita, na gari likaangukia kwa dada yake, mwanamke wa makamo mwenye duka la dawa mtaa wa tatu. Watu walimwita Mfamasia. Alikuwa amelileta mwenyewe asubuhi ile, akashuka, akatoa kichupa cha spiriti mkobani na kunawa mikono mpaka kwenye viwiko kabla hata ya kusalimia.

"Linavuta kushoto, fundi," alisema. "Usukani unatetemeka, na kwenye matuta linalia. Binti yangu anaolewa wiki mbili zijazo, na mjomba wake alimwahidi atapanda hili. Badilisha kila kitu cha mbele. Usibakize hata kimoja."

"Vile vya zamani nikurudishie uvione, dada?"

"Sitaki kuviona. Vitupe mbali."

Sikio alicheka kidogo. Wateja wake wote walitaka kuona vyuma vya zamani, wakivishuku kama vile wanavyomshuku yeye. Huyu hakucheka.

Karakana ya Sikio ilikuwa uani mwa nyumba yake, na dirisha la chumba cha mbele lilifunguka papo hapo, juu ya meza ya spana. Ndani ya chumba hicho mkewe alishona nguo. Mtaani walimwita Sindano, kwa kazi yake na kwa ulimi wake, na watoto wao wawili walikuwa wamekwisha kuolewa na kuoa, wakawaachia wazee hao nyumba yenye kelele za cherehani upande mmoja na nyundo upande wa pili. Majirani walisema nyumba ile mume anasikia na mke anachoma. Kwa miaka ishirini na saba walikuwa wamekula sahani moja.

Alianza upande wa kushoto. Alitoa gurudumu, akaibana springi kwa klampu yake, taratibu, kwa kuwa springi ikikuponyoka inaweza kukuvunja taya. Kisha akakifikia kile kiungo cha mviringo kinachoruhusu gurudumu kugeuka, ambacho mafundi hukiita boljointi. Juu yake kuna kikofia cha mpira cha kuzuia vumbi. Alikichana kwa bisibisi.

Grisi ya zamani huwa nyeusi na kavu. Hii ilikuwa na rangi ya usaha, yenye michirizi ya damu iliyoiva, na ilikuwa na joto. Ndani yake zilizungushwa nywele, si moja wala mbili, zimesokotwa kwenye chuma kama uzi kwenye bobini ya cherehani, na alipozivuta kwa koleo zilitoka na kitu chembamba cheupe ambacho alikitazama muda mrefu kabla ya kukubali kuwa ni ukucha. Aliuweka kando. Akaendelea, maana kazi ni kazi, akafika kwenye bushi, ile mipira minene inayokaa kwenye maungio ya mikono ya chuma inayoshika gurudumu. Kwa umri wa gari lile ilitakiwa iwe migumu na yenye nyufa. Ilikuwa laini na yenye rangi ya ufizi. Aliubana mmoja kwenye jiriwa ili ausukume nje ya chuma chake, akakaza, na mpira ukatoa maji, na ndani ya maji hayo mlikuwa na pumzi, ile pumzi ya jino bovu, safari hii karibu kabisa na uso wake.

Sikio alikimbilia ukutani akatapika chai yote ya asubuhi.

Sindano alichungulia dirishani. "Baba, umemeza dizeli?"

"Gari hili ni chafu."

"Magari yote ni machafu. Ndiyo yanayotulisha." Alitoka na glasi ya maji, kidole chake cha shahada kikiwa na tone la damu pale alipojichoma asubuhi, akaona lile beseni la vyuma vilivyotolewa limekaa mbele ya mlango wake. "Na hiki kinyaa chako kitoe hapa. Wateja wangu wanapita na vitambaa vyeupe."

Kabla Sikio hajanyanyuka, mkewe alikuwa ameshainama, akalishika beseni ukingoni na kulikokota mpaka nyuma ya tangi la maji. Grisi ilimgusa mkono. Aliipangusa kwa kitambaa. Kisha akakinusa kidole chake, akakunja uso, akakinusa tena.

Siku tatu Sikio alifanya kazi akiwa amefunga kitambaa puani. Aliweka boljointi mpya, bushi mpya, springi na shokamzoba mpya pande zote mbili, akakaza kila nati kwa kipimo chake. Alipolitoa barabarani lilikwenda wima na kimya. Halikuvuta wala kulia, na halikuwa na harufu yoyote ila ya mpira mpya. Kwa kawaida, kazi ikitoka hivyo Sikio huimba njia nzima. Siku hiyo hakuimba. Aliliendesha akiwa na hisia ya mtu anayepita katika nyumba ambayo wapangaji wamehama ghafla, akajiuliza wamehamia wapi. Alimpigia simu Mfamasia, akaambiwa atakuja kulichukua Jumamosi.

Kesho yake, mchana, alikuwa akinoa patasi chini ya dirisha. Ndani, cherehani ya mkewe ilikuwa ikienda kwa mguu kama siku zote. Chini ya mlio wake, mguu ulipopanda na kushuka, palikuwa na sauti nyingine. Sikio aliacha kunoa. Mtu alikuwa akitafuna mdomo wazi.

Aliingia. Sindano alikuwa peke yake, hana kitu mdomoni, anashona gauni jeupe la mteja. Alikuwa na furaha.

"Umeona?" alimwambia. "Tangu asubuhi sijasikia maumivu ya magoti. Miaka sita nayapaka dawa, leo yamelainika yenyewe. Nimekuwa msichana."

Akainuka kumwonyesha. Akachuchumaa na kusimama mara tano bila kushika kitu, akicheka, na kila mara magoti yake yalitoa ile sauti. Kisha akageuza mguu wa kushoto nje, kama gurudumu linavyogeuka usukani ukikatwa, ukapita pale mguu wa mtu unapotakiwa kukomea, ukaendelea, mpaka kisigino kikatazama mbele. Aliurudisha bila hata kukunja uso.

"Usifanye hivyo," Sikio alisema.

"Kwani hauumi."

"Usifanye tu, mama."

Jioni Sindano alikata mkate. Pale alipoushika, kidole gumba kiliacha alama ya manjano, yenye ung'avu, ikazama polepole ndani ya nyama ya mkate. Alimpa mumewe kipande hicho. Sikio alisema ameshiba. Ilikuwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na saba kurudisha kitu kilichotoka mkononi mwa mkewe, na wote wawili walijua.

Siku ya pili gauni jeupe lilirudishwa. Mwenyewe, msichana mpole, alilishika kwa ncha za vidole akasema lina madoa na linanuka, na angependa kushonewa kwingine. Sindano, yeye ambaye alikuwa na jibu la kila mtu, alilipokea akalikunja tu. Alipobaki peke yake alifunga mlango wa mbele, akapita chumbani na kumwita mumewe kwa sauti ya chini.

Alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, sketi ameivuta juu ya mapaja.

"Wewe ndiye mwenye kusikia," alisema. "Nisikilize hapa."

Ngozi ya magoti ilikuwa imejikunja mikunjo ya duara, mmoja juu ya mwingine, kama kikofia cha mpira, na chini ya pia ya goti la kushoto palifunguka kitundu kisicho na damu, kinachotoa mafuta. Sikio alipiga magoti. Hakutaka, mwili wake wote ulikuwa ukimvuta kurudi mlangoni, lakini macho ya mkewe yalikuwa juu yake, kwa hiyo aliinamisha kichwa, akaweka sikio juu ya goti lile alilolijua tangu likiwa goti la binti wa miaka ishirini, akasikia kutafuna kule kwenye unyevu, taratibu, bila haraka, kama kwa mtu aliye nyumbani kwake, na alipozidi kukandamiza sikio ili ajue kunatoka upande gani, kutafuna kukakoma, ghafla, kama anavyokoma kula mtu aliyegundua kwamba kuna aliyesimama nje ya mlango wake anamsikiliza, na katika ukimya ule kitu kikavuta pumzi.

Sikio alijitupa nyuma. Shavu lake lilikuwa limelowa. Alijifuta kwa shuka, kwa mkono, kwa shati, akaziba mdomo.

Alipoinua macho mkewe alikuwa ameshaifunika miguu yake.

"Basi," Sindano alisema. "Nimeona."

"Si wewe, mama. Ni ile harufu—"

"Nimesema nimeona."

Walikwenda hospitali mchana uleule. Daktari, kijana mwenye subira, aliingiza sindano kwenye goti akavuta. Kilichoingia ndani ya bomba kilikuwa kizito kiasi cha kuziba sindano mara mbili. Alikitazama kwenye mwanga, akasema kitapelekwa maabara, warudi baada ya wiki moja, akaandika vidonge. Muuguzi alikuwa ameshafungua madirisha yote. Ndiye aliyewafuata nje mpaka getini.

"Msinitaje," alisema. "Kuna mama mmoja alinifundisha kemia sekondari. Amestaafu. Mambo ya namna hii huwa anayajua."

Mwalimu alikuja asubuhi iliyofuata, Ijumaa, mvua ikinyesha. Alikuwa mwembamba, mwenye miwani iliyofungwa kwa kamba shingoni, na hakubeba chochote ila mwavuli na daftari.

"Shikamoo, Mwalimu," Sikio alisema.

"Marahaba. Mgonjwa anakula?"

"Tangu jana hafungui mdomo vizuri. Taya limeanza."

"Na wewe unakula naye?"

Sikio alimfungulia mlango wa chumbani. Mwalimu aliandika kitu daftarini.

Alimkuta Sindano amelala chali, viganja vimejigeuza, vidole vinatazama upande usio wao. Chumba kilinuka kiasi cha kuumiza macho. Mwalimu alivuta kiti mpaka kitandani, akakaa kama mtu aliyekaa sebuleni kwake, akasoma maneno yake kwa sauti ya chini, bila mbwembwe, huku mvua ikipiga bati. Kisha akauliza:

"Wewe uliye humu, umetoka wapi?"

Midomo ya Sindano haikusogea. Lilisogea taya peke yake, kulia na kushoto, kama la ng'ombe, na sauti ikatokea nyuma ya meno, nzito na yenye mate.

"Garini."

"Nani alikutia garini?"

"Aliyetaka kona. Nilimpa kona zote. Nilishika barabara kwa meno yangu miaka ishirini, naye akanilisha. Huyu mwanamume akaja na vyuma vyake vya dukani akanivunjia nyumba."

"Unataka nini ili utoke?"

"Nyumba yangu." Taya lilisimama, likaenda tena. "Au nibaki hapa. Hapa ni laini."

Sikio aliegemea ukuta. Alitaka kuwa popote pengine duniani. Mwalimu alimshika kiwiko akamtoa hadi ukumbini.

"Vile vyuma vya zamani viko wapi?"

"Nyuma ya tangi. Nilikuwa sijavitupa."

"Vizuri. Vyote vitarudi garini, kesho, na wewe ndiye utakayevirudisha. Lakini hilo ndilo jepesi." Alivua miwani akaipangusa. "Jini la viungo halivutwi kwa nguvu. Ukilivuta linaondoka na kiungo chenyewe, mkeo atabaki gunia. Hubebwa. Huchukuliwa kwa mdomo, mahali lilipo, likapelekwa na kutemwa kwenye nyumba yake. Na anayelibeba asionyeshe kinyaa. Hicho ndicho chakula chake, mwanangu. Kila unaposhtuka linanenepa. Ulipotapika siku ile karakanani ulilitandikia meza."

"Mimi siwezi," Sikio alisema. Alisema kwa kunong'ona, akiwa na aibu kubwa. "Mwalimu, yule ni mke wangu, lakini tangu juzi nalala jikoni. Nikimtazama natapika. Hakuna mwingine?"

"Yuko mwingine anayempenda humu ndani?"

Kutoka chumbani Sindano alijibu kabla yake, kwa sauti yake mwenyewe, kila neno likimtoka kwa shida.

"Msimlazimishe. Nimeuona uso wake."

Neno hilo lilimwingia Sikio kuliko yote yaliyotangulia. Alikwenda uani kwenye mvua, akasimama nyuma ya tangi, akavitazama vile vyuma. Vilikuwa vimekauka na kupasuka, vimekuwa vyuma vya kawaida vya gari bovu, havinuki chochote.

Jumamosi alianza kazi mapema. Hajawahi fundi kufanya kazi ya kijinga kama ile. Alitoa bushi mpya akarudisha zilizokwisha. Alitoa springi imara akarudisha zilizolala. Alifanya kwa mikono mitupu, kama alivyoagizwa, bila kitambaa puani. Alibakiza wazi boljointi ya chini ya kushoto, kikofia amekikunja pembeni, kikombe chake cha chuma kikitazama juu kama kinywa cha kinda.

Saa tatu Mfamasia alisukuma geti. Aliiona springi ya zamani mahali pake, akaona mpya zimelazwa chini. Hakuuliza kwa nini.

"Limeingia kwa nani?" alisema.

Sikio alitoka chini ya gari polepole. "Kwa mke wangu."

Mfamasia alikaa juu ya tairi bila kujali sketi yake nzuri. Aliangalia mikono yake iliyokauka kwa spiriti.

"Nilidhani ukitoa vyuma, litakwenda na vyuma," alisema. "Ndugu yangu alikuwa akilala chini ya gari hili kila Alhamisi, mchana, amefunga mlango wa gereji. Mwanzoni tulijua anatengeneza. Baadaye aliacha kula na sisi. Mama akipika anasema ameshiba. Alipokufa, walioosha maiti walitoka nje mara tatu."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia, ungeligusa?"

"Nisingeligusa."

"Ndiyo hivyo, kaka." Alifuta macho. "Lirudishe. Nitalichukua. Nina banda nyuma ya nyumba, nitaliingiza na kujenga ukuta mlangoni. Binti yangu atakwenda na teksi."

Sikio alitaka kumkasirikia, akakuta hasira haina mahali pa kukaa. Alikuwa amejaa kitu kingine. Alinawa, akaingia ndani.

Mwalimu alikuwa ameshamweka Sindano tayari, magoti yamefunuliwa, mikono juu ya shuka, kichwa kimeinuliwa kwa mto. Viungo vitano, alisema: magoti mawili, viwiko viwili, na taya. Safari tano kutoka kitandani mpaka uani. Asimeze, asiteme njiani, asifumbe macho.

"Naye atakutazama," Mwalimu alisema. "Lazima akutazame."

Sindano alimtazama. Macho yake tu ndiyo yaliyokuwa bado yake yote, na ndani yake hamkuwa na ombi lolote. Alikuwa anamngoja ashindwe ili amsamehe.

Sikio alipiga magoti, akaweka mdomo juu ya kile kitundu chini ya pia ya goti, akavuta.

Kilikuja chote kwa mkupuo, cha vuguvugu, kizito, chenye nywele ndani yake, kikajaa ulimini na mashavuni na kusukuma nyuma ya koo, na ladha yake ilikuwa ya kila kitu ambacho mdomo wa mtu umeumbwa ukikatae, ya jipu lililopasuka, ya nyama iliyosahauliwa, ya maji ya chombo cha maua yaliyokaa mwezi mzima, na kilikuwa hai, kilijikunja na kujinyoosha kikitafuta njia, kikamgusa meno moja moja kama mtu anayehesabu viti, naye akakibeba hivyohivyo, macho wazi, uso mtulivu, kupita ukumbini, kupita mlangoni, kupita Mfamasia aliyegeukia ukuta, akajilaza chini ya gari akakitema ndani ya chuma. Gari lilishuka kidogo upande wa kushoto, kama linavyoshuka mtu akikaa.

Alirudi. Goti la pili lilikuwa baya kuliko la kwanza, kwa kuwa sasa alijua. Machozi yalimtoka, lakini uso hakuukunja, na mkewe, akimtazama, alianza kulia pia.

Safari ya tatu ilikuwa rahisi zaidi. Ya nne alikwenda kwa haraka, karibu kukimbia.

Ya tano ilikuwa taya. Kwa taya hapakuwa na njia ila moja. Sikio aliinama juu ya mkewe, akaweka mdomo wake juu ya wake, kama alivyofanya siku nyingi za maisha yao, akakaa hapo muda mrefu mpaka Mwalimu akamgusa bega. Kisha alitoka. Walimsikia akijilaza chini ya gari. Alikaa huko kitambo. Aliporudi midomo ilikuwa imefungwa, kikofia cha mpira ameshakirudisha na nati ameshaikaza.

"Umetema chote?" Mwalimu aliuliza.

Sikio aliitikia kwa kichwa.

Mwalimu alimkagua kwa macho ya mwalimu aliyesahihisha maelfu ya madaftari, akaonekana kutaka kusema jambo, lakini wakati huohuo Sindano alifungua mdomo, akaufunga, akasema magoti yanamuuma. Alilisema kwa furaha ya mtu anayesema ameshinda bahati nasibu. Yalikuwa yale maumivu yake ya zamani, ya miaka sita, makavu na ya kibinadamu. Mwalimu alicheka, akalifunga daftari.

Gari liliondoka mchana ule likivutwa kwa kamba nyuma ya lori, usukani ukitetemeka, gurudumu la kushoto likitafuna njia nzima mpaka lilipokata kona. Mfamasia alijenga ukuta wake kabla ya harusi. Maabara ya hospitali ilisema sampuli ilikuwa na grisi, wakaomba radhi kwa kuwa labda chombo kilikuwa kichafu.

Wiki tatu zilipita. Ngozi ya magoti ilijirudi, wateja wa vitambaa vyeupe walianza kurudi mmoja mmoja, na ulimi wa Sindano ukapona kabla ya viungo vyote. Mchana mmoja walikuwa wameketi mezani na mkate na chai, sahani moja katikati yao. Sindano alikata kipande akampa mumewe, kisha akauacha mkono wake pale mezani, karibu na wake.

"Nikuulize kitu," alisema. "Usinidanganye. Siku ile, uliona kinyaa?"

Sikio alitafuna mkate. Siku hizi mkate ulikuwa hauna ladha, wala chai, wala kitu chochote kinachopikwa. Alimtazama mkewe usoni.

"Sana," alisema. "Mpaka mwisho."

Sindano aliitikia kwa kichwa, machozi yakamlengalenga, akamshika mkono na kuubana. Hakuna zawadi aliyowahi kupewa iliyoifikia hiyo, kwamba mtu aliona kinyaa kiasi kile na bado akafanya. Sikio aliuacha mkono wake ushikwe. Hakuweza kumwambia kwamba kinyaa kilimwisha kwenye safari ya tatu, kiwiko cha kulia, kwamba ya nne alikimbia kwa kuogopa asije akakimeza kitu kile njiani, na kwamba baada ya ile ya mwisho, aliyoichukua mdomoni mwa mkewe, alifika chini ya gari, akajilaza, akafungua kinywa juu ya chuma, na hapakuwa na kitu cha kutema.